MASHAURI YA NYUMBANI: Fedha Katika Kopo la Fundi

Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja wa Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Jina lake twalihifadhi, kwani ndivyo alivyotuomba. Asema kwamba mwanawe ni fundi wa umeme, atengenezaye mota na swichi kubwa za mashine za kukoboa mpunga. Kwa muda wa miaka miwili kijana huyo amekuwa akiweka ndani ya kopo la maziwa vile vichwa vidogo vyeupe vinavyotolewa katika swichi hizo zinapochakaa. Amesikia kwa wenzake kwamba vichwa hivyo ni fedha, na kwamba mtu mwenye tindikali, chumvi ya kupikia na jiko la mkaa aweza kuitoa fedha hiyo nyumbani kwake. Sasa amekwisha nunua chupa mbili za tindikali, ameziweka chini ya kitanda, naye angoja siku ambayo uwa utakuwa mtupu.

Mama huyu atuuliza mambo matatu. Je, ni kweli mle mna fedha? Je, kazi hiyo ina madhara? Na je, mali itakayopatikana ni halali? Twamshukuru kwa kuuliza kabla ya jambo kutendeka, maana barua nyingi hutufikia baada ya msiba. Tutamjibu kwa taratibu aliyoiweka, na mwisho tutasema na kijana mwenyewe.

Kuhusu swali la kwanza, jawabu ni ndiyo. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko madini mengine yote, hata kuliko shaba na dhahabu. Tena ikipata kutu nyeusi, haizuii umeme kama kutu ya shaba inavyozuia. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa swichi za mota huweka kipande cha fedha mahali pale ambapo pande mbili hugusana na kuachana. Kila mashine inapowashwa au kuzimwa, cheche huruka mahali hapo. Na shaba tupu ingeungua au kugandana upesi. Kwa hiyo kijana hakudanganywa. Walakini asifikiri kwamba kopo lote ni fedha. Sehemu kubwa ya kila kipande ni kibebeo cha shaba au cha shaba nyeupe, na fedha ni ule utando wa juu tu. Katika swichi ndogo utando huo ni mdogo kama punje ya mtama.

Tena fedha hiyo aghalabu si safi. Wakubwa wetu wa pwani waliijua desturi hii katika sarafu. Reale ya Maria Theresa, iliyokuwa ikitumika Unguja na Mombasa katika karne ya 19, ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 zake, sehemu 833 ndizo zilizokuwa fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ilikuwa na fedha robo moja tu, ingawa kwa macho ilionekana nyeupe kama nyingine. Vivyo hivyo vichwa vya swichi huchanganywa na vitu vingine ili viwe vigumu na visigandane kwa cheche: pengine nikeli, pengine tungsteni, pengine oksidi ya bati, na katika swichi nyingi za mota, hasa za zamani, oksidi ya kadimi, kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika kila 100. Twaomba wasomaji walikumbuke jina hili la kadimi, kwa kuwa ndilo kiini cha jawabu letu.

Sasa twaja kwenye swali la pili. Tutaeleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, kwa sababu kijana asiyeelezwa sababu ya katazo hulichukua kuwa ni woga wa wazee.

Fedha huyeyuka ndani ya tindikali ya nitriki. Inapoyeyuka, hutoka moshi wa rangi ya hudhurungi. Shaba nayo huyeyuka pamoja nayo, na maji hugeuka buluu au kijani. Ajabu ni kwamba gramu moja ya shaba hula tindikali zaidi ya mara tatu ya gramu moja ya fedha. Basi asiyetenganisha kwanza vibebeo vya shaba humaliza chupa zake kwa kuyeyusha kile asichokihitaji. Baadaye chumvi ya kupikia hutiwa, na fedha hushuka chini kama maziwa yaliyoganda. Maganda hayo meupe bado si fedha tupu. Robo yake kwa uzito ni klorini. Sharti yabadilishwe tena kwa chuma au zinki, au kwa kostiki soda na sukari, ndipo upatikane unga wa kijivu ambao huyeyushwa kwa moto wa digrii 962.

Katika kazi hiyo iko milango minne ya hatari, na kila mmoja wapitia nyumbani mwa mama yetu.

Mlango wa kwanza ni ule moshi wa hudhurungi. Moshi huu ni adui mnafiki. Mtu huuvuta, hukohoa kidogo, kisha hupata nafuu, akala chakula chake cha usiku na kulala. Baada ya saa kadhaa, pengine hata siku nzima, mapafu yake huanza kujaa maji, akawa kama mtu azamaye juu ya nchi kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii, wala kunywa maziwa, kama wasemavyo baadhi ya mafundi, hakuondoi madhara yake.

Mlango wa pili ni moto. Wako wasemao, “Sisi hatutumii tindikali, twayeyusha vichwa moja kwa moja kwa mkaa na mivukuto.” Hao wamekimbia mvua wakaingia mtoni. Mkaa unaowaka huinyang’anya oksidi ya kadimi hewa yake, ikabaki kadimi tupu. Na kadimi huchemka na kuwa mvuke kwenye digrii 767, yaani kabla fedha haijaanza kuyeyuka. Basi kila afukutaye moto mpaka aone fedha imekuwa maji, amekwisha kupita mahali ambapo kadimi yake imeingia hewani, naye ameivuta. Dalili zake huja baada ya saa kadhaa: homa, baridi, maumivu ya kifua na uchovu. Katika nchi yetu mwenye dalili hizo husema, “Ni malaria,” akameza dawa na kujifunika blanketi, na huku mapafu yaharibika. Wako watu waliokufa duniani kwa mvuke huu katika siku chache tu, baada ya kazi ya muda mfupi.

Mlango wa tatu ni mchanganyiko wa fedha na amonia. Baadhi ya watu hutumia amonia kuyeyusha yale maganda meupe. Maji hayo yakiachwa yakae, aghalabu hufanya kitu cheusi kinacholipuka kwa kuguswa tu. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Mlango wa nne ndio mpana kuliko yote, nao ni mfereji.

Tufikiri pamoja. Wakati chumvi inapotiwa, fedha peke yake ndiyo hushuka chini. Shaba hubaki katika maji, na kadimi hubaki katika maji. Maana yake ni kwamba kile akiwekacho kijana ni fedha, na kile akimwagacho ni sumu yote. Naye atakimwaga wapi? Kwa mtu wa Ubaruku jawabu laonekana kwa macho. Nchi ya Usangu yaishi kwa mifereji. Tangu shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilipojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, na hata kabla yake kwa mifereji ya wakulima wenyewe, maji ya mito yamegawanywa na kupelekwa majarubani. Mfereji upitao karibu na nyumba hii ndio uendao shambani kwa jirani. Na yale yanayobaki huelekea Ruaha Mkuu, hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu.

Na mpunga una tabia ya kuivuta kadimi kutoka katika udongo na kuiweka ndani ya punje. Jaruba likijaa maji, kadimi nyingi hufungwa ndani ya tope. Lakini maji yanapokaushwa ili mpunga uive, hufunguka na mizizi huifyonza. Tufanye hesabu. Tuseme kijana amekata vizuri, akapata gramu 50 za vichwa bila shaba, na ndani yake sehemu 10 katika 100 ni oksidi ya kadimi. Hapo pana zaidi ya gramu 4 za kadimi. Kikomo kilichowekwa na wataalamu wa chakula wa mataifa kwa mchele mweupe ni miligramu 0.4 kwa kila kilo. Basi gramu 4 zatosha kufikisha kilo 10,000 za mchele kwenye kikomo hicho. Hatusemi kwamba yote itaingia katika mchele. Nyingi itabaki katika udongo. Lakini udongo hauli sumu ikaisha. Kadimi haiozi wala haiungui, na ikiingia katika figo za binadamu hukaa miaka 10, 20 au zaidi.

Haya si ya kubuni. Katika nchi ya Japani, mkoa wa Toyama, uko mto uitwao Jinzu. Juu ya mto huo ulikuwako mgodi wa Kamioka, uliotoa fedha, risasi na zinki. Maji machafu ya mgodi yaliingia mtoni, na mto ulikuwa ukinywesha mashamba ya mpunga. Miaka ikapita. Wanawake wa vijiji vya chini, hasa waliokwisha kuzaa na kufikia utu uzima, wakaanza kuumwa mifupa. Mifupa ikawa laini, ikavunjika kwa kugeuka tu kitandani, hata kwa kukohoa. Watu wakauita ugonjwa huo “itai-itai”, yaani “yauma, yauma”, kwa kuwa hicho ndicho kilio cha wagonjwa. Daktari mmoja wa huko, Hagino Noboru, ndiye aliyeshikilia kwamba chanzo ni mgodi. Serikali ya Japani ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba ugonjwa watokana na kadimi, na mwaka 1971 wagonjwa walishinda kesi yao mahakamani. Kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba yaliyoharibika haikumalizika mpaka mwaka 2012.

Twajua kwamba kopo la fundi si mgodi wa Kamioka. Lakini Kamioka haikuharibu kwa siku moja, na wala Ubaruku haina fundi mmoja tu. Wakifanya vijana kumi, kila mmoja kwa kopo lake, kila mwaka, watoto wao ndio watakaokula mchele huo. Na mchele wa Ubaruku hauliwi Ubaruku peke yake. Hubebwa kwa malori mpaka Mbeya, Iringa na Dar es Salaam.

Ndugu zetu wa Chunya, katika mkoa huu huu, wamekwisha kupata somo kama hili kwa zebaki wanayochomea dhahabu. Madhara ya zebaki yalikuwa makubwa hata mataifa yakafanya mkataba ulioanza kutumika mwaka 2017, nao waitwa kwa jina la Minamata, mji mwingine wa Japani ulioangamizwa watu wake kwa sumu iliyomwagwa majini. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Hatuoni sababu ya kuiacha zebaki kwa mkono wa kulia na kuipokea kadimi kwa mkono wa kushoto.

Swali la tatu ni la uhalali. Fedha yenyewe ni mali halali, na kutafuta riziki kwa elimu si aibu. Wanazuoni wetu wa zamani waliishughulikia kazi hii. Al-Hamdani wa Yemen, aliyeishi katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya dhahabu na fedha na jinsi ya kuzisafisha. Al-Khazini, katika mwaka 1121, alieleza mizani ya kupima madini ndani ya maji ili kujua kama yamechanganywa, bila kuyachoma wala kuyatia dawa yoyote. Hata hivyo uhalali wa kitu hautoshi. Yatupasa kutazama njia yake.

Kwanza, vichwa hivyo ni vya nani? Mwenye mashine amelipa vipya, na vile vya zamani vilikuwa mali yake. Fundi akivitia mfukoni pasipo kumwambia, hiyo ni amana iliyovunjwa, hata kama mwenyewe angevitupa. Na ikiwa aliambiwa, “Chukua takataka hizo,” na huyo mwenye mashine hajui kwamba ni fedha, basi uungwana wataka aelezwe. Aghalabu atasema, “Chukua, mwanangu,” na hapo riziki itakuwa safi; au atataka sehemu yake, nayo ni haki yake. Tena kijana asinunue kwa mtu vichwa au nyaya asizojua zimetoka wapi, kwa maana vifaa vya umeme wa watu wengi huibiwa na kuuzwa vipande vipande.

Pili, sheria yetu haimruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru jirani. Faida ya mmoja ikiwa yapatikana kwa kutia sumu katika maji ya wengi, hiyo si faida halali, hata kama mikono yake haikuiba.

Tatu ni zaka. Wanazuoni wengi huhesabu nisabu ya fedha kuwa gramu 595, na haki yake ni sehemu moja katika 40 baada ya mwaka kupita. Fedha ya kijana huyu peke yake haifiki huko. Lakini kama anayo akiba nyingine ya pesa au bidhaa za biashara, na amuulize shekhe wake namna ya kuzihesabu pamoja.

Sasa twasema nawe, mwanetu.

Hatukucheki, wala hatukuiti mpumbavu. Umeona thamani mahali ambapo wengine waliona takataka, na hiyo ni alama ya akili. Lakini fedha iliyo katika kopo lako haihitaji kutolewa ili iwe na bei. Mnunuzi mwenye kiwanda na dawa zake huitaka ikiwa katika vichwa vyake, maana yeye anazo njia za kuvuta moshi na kukamata maji machafu. Kazi yako ndiyo hii: tenga vichwa vikubwa na vidogo, kata shaba ya ziada kwa mkasi wa bati, usisage wala usipige tupa, kwa sababu vumbi lake nalo lina kadimi, uza shaba peke yake, pima vichwa kwa mizani ya sonara na uandike uzito. Ile mizani ya maji yaweza kukutenganishia fedha na shaba, lakini usiitegemee kukuonyesha kadimi, kwani fedha iliyochanganywa na oksidi ya kadimi na ile iliyochanganywa na shaba kidogo huweza kuwa na uzito ule ule majini. Siku hizi wanunuzi wa dhahabu na fedha wengi wanacho chombo cha miali kinachosoma madini bila kuyaharibu. Kabla ya kuuza, mwombe mnunuzi akupimie mbele yako, kisha ulinganishe bei za wanunuzi wawili au watatu.

Na ukitaka kuifanya kuwa biashara, ifanye mchana kweupe. Ziko kanuni za mwaka 2021 juu ya taka za vifaa vya umeme, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinazoeleza vibali vya wakusanyaji. Iko pia sheria ya mwaka 2003 juu ya kemikali za viwandani na majumbani, isimamiwayo na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi Mbeya. Mafundi kumi wa Mbarali wakiungana, wakakusanya pamoja na kuuza pamoja, watapata bei ambayo kopo moja haliwezi kupata.

Sasa hizo chupa mbili. Ziondoe leo chini ya kitanda. Ziweke nje ya nyumba, ndani ya ndoo ya plastiki, mahali penye kivuli na kufuli, mbali na chakula, mafuta, maranda na watoto. Usizihamishie katika chupa ya soda. Watoto wangapi wamekunywa kifo kwa sababu ya chupa ya soda! Usizimwage chooni wala mferejini. Wala usidhani kwamba ukitia chokaa au magadi mambo yamekwisha: hayo huvunja ukali wa tindikali, lakini madini yaliyomo hayapotei, hubaki katika tope lake. Chupa ambazo hazijafunguliwa mrudishie aliyekuuzia. Akikataa, waulize watu wa Mkemia Mkuu.

Na nyote mlio nyumbani mkumbuke haya. Tindikali ikimgusa mtu, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20. Asipakwe samli wala mafuta. Aliyeimeza asitapishwe. Aliyevuta moshi wa hudhurungi, au mvuke wa vichwa vilivyochomwa, apelekwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa asema hajambo, na mganga aambiwe wazi kilichovutwa, asije akatibiwa malaria.

Mama yetu, jawabu letu ndilo hilo: fedha imo, sumu imo, na uhalali wategemea njia. Msomee mwanao ukurasa huu kwa upole, mkiwa mmeketi pamoja, wala usimvunje moyo. Kijana akikatazwa tu, hungoja mama atoke. Akielezwa na kuonyeshwa mlango mwingine, huutumia. Mwenyezi Mungu amhifadhi yeye, aihifadhi nyumba yenu, na ayahifadhi maji ya Usangu na wote wanaokula mchele wake. Amin.